Antena Kumi na Nane za Ploti ya Waiyego

Selpha Mukhwana hupima kwa shubiri. Kutoka ncha ya kidole gumba chake hadi ncha ya kidole cha mwisho ni sentimita ishirini na moja, na hilo analisema kwa uhakika wa mtu aliyelithibitisha. Aliwahi kuweka mkono juu ya rula ya binti yake, Joy, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mikono ya fundi huvimba kazini. Wake haukuvimba. Tangu wiki hiyo hajanunua utepe wa kupimia. Shubiri moja ndicho kijiti kifupi kabisa anachokata, na shubiri moja na nusu ndicho kirefu kabisa. Kati ya vipimo hivyo viwili hupita televisheni yote inayofika Eldoret kwa antena, na Selpha hana subira na mtu anayemwambia vinginevyo.

Hesabu yenyewe si siri. Picha husafiri hewani kama mawimbi, na kila wimbi lina urefu wake. Mawimbi yanayobeba televisheni siku hizi yamo katika bendi ya masafa inayoitwa UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694. Kijiti cha alumini chenye karibu nusu ya urefu wa wimbi hulidaka. Kikizidi sana au kikipungua sana, wimbi hupita kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Bendi iliyotumika zamani, VHF, ilikuwa na mawimbi marefu zaidi, ndiyo maana antena za wakati huo zilikuwa pana kama uchaga wa kuanikia vyombo.

Selpha ana miaka arobaini na saba. Alifika Eldoret kutoka Kimilili akiwa na ishirini, akapata kazi ya kufagia katika karakana ya madirisha ya alumini mjini. Vipande vilivyobaki baada ya kukata fremu alikuwa akimpelekea fundi wa televisheni wa jirani, Mzee Ng'ang'a, ambaye alivigeuza antena. Selpha aliona kwamba mzee hakati vijiti vyote sawa, akamuuliza sababu.

"Ukijua hiyo, mimi nitakula nini?" mzee alimjibu.

Aliuliza tena Ijumaa iliyofuata, na Ijumaa baada ya hiyo. Ilimchukua miezi minne. Mzee alipochoka, alimchorea wimbi kwa chaki juu ya meza, akalikata katikati kwa mstari, akasema, "Haya, sasa niache."

Mwaka 2015 mitambo ya zamani ya analogi ilipozimwa na Wakenya kulazimika kununua ving'amuzi, au dikoda kama wengi wanavyoviita, maduka ya mjini yalitundika antena mpya zinazong'aa na kuziita antena za dijitali. Watu walitupa walizokuwa nazo. Selpha alisoma karatasi iliyokuja ndani ya kasha la king'amuzi, karatasi ambayo hakuna mtu huisoma, akakuta humo neno UHF. Stesheni kadhaa zilikuwa katika bendi hiyo tangu zamani. Kilichokuwa kimebadilika ni lugha iliyobebwa na mawimbi. Kwa antena, kijiti kilikuwa kijiti. Alikusanya zilizotupwa Langas nzima, mtaa wa Eldoret anakofanyia kazi, akazikata zile pana za VHF kwa shubiri yake, na mbele ya kibanda chake cha ufundi akasimamisha bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA ANTENA YA DIJITALI. KUNA ANTENA.

Mwenye duka mmoja wa mjini alimtuma mtu kumwomba aliondoe bati hilo. Selpha alichukua brashi akaongeza mstari wa pili: ULIZA KWA NINI.

Kati ya antena zote alizotengeneza tangu wakati huo, zinazojulikana zaidi ni kumi na nane zilizo juu ya ploti ya Mama Waiyego, mjane mwenye asili ya Nyeri ambaye ana vyumba kumi na nane vya kupangisha, safu mbili zinazotazamana. Kila chumba kina mlingoti wake. Zimesimama kwa mstari, zote zikitazama upande mmoja, na zinaonekana tangu barabara ya lami. Mteja akisitasita, Selpha hamwelezi chochote. Humwambia aende akaangalie kwa Waiyego, kisha arudi.

Ndiyo sababu jambo lililoanza Machi mwaka jana lingeweza kummaliza.

Lilianza Jumapili. Saa tatu asubuhi picha zilikatika vipande vipande vya mraba, zikaganda, kisha vioo vikawa vyeusi vyumba vyote. Saa saba mchana zilirudi zenyewe. Jumatano jioni zilipotea tena kwa saa mbili, na Ijumaa vivyo hivyo. Wiki ya pili mambo yalikuwa yale yale. Ilipofika wiki ya tatu, kijana wa kampuni ya kebo alikuwa ameshapita kila mlango akiwa na karatasi za kutia sahihi, na Mama Waiyego alimwita Selpha uani.

"Mama Joy, mimi sina maneno mingi," alisema. Alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, akichambua maharagwe. "Hizi vitu zako zimezeeka. Watu wa kebo wanakuja Jumatatu. Jumapili jioni upande hapo juu, utoe zote."

"Zote zimezeeka siku moja, Mama?"

"Mimi si fundi."

"Ile ya chumba cha kumi na mbili niliweka Januari."

"Basi imezeeka mapema." Mama Waiyego hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Usinisumbue, Mama Joy. Mpangaji akikosa televisheni, anahama. Antena yako haihami na yeye."

Selpha aliielewa hukumu hiyo vizuri kuliko aliyeitoa. Antena kumi na nane zikiteremshwa mchana kweupe kutoka paa linaloonekana na kila mtu, hakuna nyumba nyingine Langas ambayo ingemruhusu kuegemeza ngazi ukutani. Alikuwa na siku sita. Alimwambia Mama Waiyego kwamba hatateremsha kitu kizima, akaondoka bila kuaga.

Jumatano saa kumi na moja kasoro alikuwa ndani ya chumba cha Jepchirchir, mchuuzi wa maziwa kutoka Moiben, akiwa ameketi juu ya kitanda na rimoti mkononi. Jepchirchir ndiye mpangaji aliyekuwa na uchungu zaidi. Mdogo wake wa kike alikuwa ameandikishwa katika marathoni yake ya kwanza Ulaya, na mbio zenyewe zingeonyeshwa Jumapili hiyo hiyo asubuhi.

"Mama Joy, nikikosa hiyo, nitakuja kulala kwako," alisema. "Na nitakuja na ng'ombe."

"Kuja. Lakini kwanza nyamaza niangalie."

Alikuwa amefungua ukurasa wa king'amuzi ambao watu huufungua kwa bahati mbaya na kuufunga haraka. Una mistari miwili: mmoja huonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia, mwingine ubora wake. Yote miwili ilikuwa imesimama vizuri. Upande wa pili wa ukuta, katika kanisa la mabati linalopakana na ploti, mtu alisema kwenye kipaza sauti, "Halo, halo, moja, mbili." Mstari wa ubora ulianguka hadi sifuri. Mstari wa nguvu ulipanda.

"Ona, nguvu imeongezeka," Jepchirchir alisema. "Si hiyo ni nzuri?"

"Mtu akikupigia kelele ndani ya sikio, nguvu si iko mingi? Umesikia maneno?"

Jepchirchir alifikiria. "Nimesikia kelele."

"Basi hata dikoda imesikia kelele."

Alipita katika stesheni moja baada ya nyingine. Hazikuwa zimepotea zote. Stesheni nyingi za dijitali hupakiwa pamoja katika masafa mamoja, kama abiria wa gari moja, na zilizokuwa zimepotea ni zile za gari moja tu. Bahati mbaya, ndizo zilizokuwa zikitazamwa na karibu kila mtu. Nyingine, zikiwamo ya katuni na ya mieleka, zilikuwa zinaonekana bila doa. Antena iliyozeeka haichagui hivyo.

Selpha alipanda juu ya paa, akafungua skrubu za mlingoti wa Jepchirchir, akaanza kuizungusha antena polepole huku mwenzake akimsomea namba kwa sauti kutoka chini. Nguvu ilifika kileleni antena ilipokuwa imelitazama dirisha la kanisa. Aliirudisha ilivyokuwa, akaikaza, akashuka.

Lilikuwa kanisa lake mwenyewe. Amekuwa akisali hapo kwa miaka kumi na moja.

Ibada ilipokwisha alimkuta Wanjohi, anayesimamia vyombo vya sauti, akipanga maiki mbili zisizo na waya ndani ya sanduku lenye sponji. Zilikuwa zawadi iliyotumwa mwezi Februari na binti wa muumini mmoja anayeishi Marekani. Selpha aligeuza moja na kusoma namba ndogo zilizochapishwa karibu na kitako. Zilikuwa megahezi, mia tano na kitu, katikati kabisa ya bendi ya televisheni. Huko zilikotoka, sehemu hiyo ya hewa huenda ilikuwa tupu. Ya Eldoret ilikuwa na wapangaji tayari.

"Mama Joy, mimi nilidhani hiyo ni namba ya seriali," Wanjohi alisema.

"Nani alikuambia uziwashe?"

"Kulikuwa na swichi."

Mchungaji Johnstone Kituyi aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama mlangoni. Si mtu mbaya, na Selpha hajawahi kudai hivyo. Lakini tangu Machi kanisa lake lilikuwa limeongeza watu wapatao arobaini, na mchungaji alikuwa na maelezo yake. Jumapili mbili mfululizo alikuwa amehubiri kwamba Bwana amezinyamazisha televisheni za majirani saa ya ibada, na kwamba wale waliokuwa wakibaki nyumbani kutazama sasa hawana pa kukimbilia. Waumini walikuwa wamepiga makofi. Selpha mwenyewe alikuwa amepiga makofi.

"Sista Selpha," mchungaji alisema, "unataka kuniambia Roho Mtakatifu ni maiki?"

"Hapana, Pasta. Nakuambia maiki ni maiki."

"Watu wameokoka kwa sababu ya jambo hili."

"Waliokoka, Mungu asifiwe. Lakini Roho gani huyu anazima habari na anaacha mieleka?"

Wanjohi aliinama kufunga sanduku ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Wewe umeumizwa na biashara yako, ninaelewa," mchungaji alisema kwa upole. "Tutaliombea hili jambo. Usilizungumze kwa watu kwanza."

"Jumapili moja tu, Pasta. Tumia ile maiki ya waya. Jumapili moja, tuone."

"Tutaliombea."

"Jumapili jioni nimeambiwa niteremshe antena kumi na nane. Ombi likijibiwa Jumanne litanikuta sina kazi."

Mchungaji alimwambia imani haina haraka, akaenda kufunga madirisha.

Siku tatu zilizofuata watu wawili walimshauri Selpha aache. Binti yake, Joy, aliyeko chuoni, alimwambia kwa simu kwamba fundi anaweza kupata kazi nyingine, lakini kanisa likikukataa ni ukoo mzima umekukataa. Shemeji yake alimwambia atengeneze kichujio cha kuondoa kelele, aweke kwa kila antena kimyakimya, mambo yaishe. Selpha alimjibu kwamba kelele ikiwa ndani ya masafa yale yale na picha, kichujio kitaondoa vyote viwili. Halafu aliongeza jambo ambalo shemeji yake analirudia hadi leo: "Na hata kama ningeweza, kwa nini nifanye usiku kazi ya kuficha kosa lililofanywa mchana?"

Jumapili alivaa sare ya umoja wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani, akaketi benchi la tatu. Kabla ya kuingia alikuwa amepitia kwa Jepchirchir na kumwomba aache mlango na madirisha wazi, aongeze sauti, na apaze yake mwenyewe kila picha ikiondoka au ikirudi.

"Ata usiniambie," Jepchirchir alisema. "Leo nitapiga kelele bila kulipwa."

Chumbani kwake walikuwa wamejaa wapangaji. Mbio zilikuwa zimeanza saa mbili, na walikuwa wameona saa nzima bila kukatika. Saa tatu vioo vikawa vyeusi.

Saa nne kasoro robo ulifika wakati wa ushuhuda. Wakati huo Wanjohi huizima maiki ya mchungaji, kwa kuwa mbili zikiwaka karibu, spika hupiga mluzi. Iliyobaki hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mama mmoja alishukuru kwa mjukuu aliyepona. Kijana mmoja alishukuru kwa kupata leseni ya udereva mara ya nne. Selpha alisimama, akapokea maiki, akaenda mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Bwana asifiwe tena."

"Amen!"

"Ushuhuda wangu ni mfupi. Nimeambiwa kazi ya mikono yangu imeoza. Antena kumi na nane, zote. Leo jioni zinateremshwa, na mkinikuta njiani mtasema, yule ni fundi wa kuharibu. Mimi sitaki kubishana na mtu. Naomba mnyamaze kidogo, msikize huo upande wa ukuta."

Alibonyeza swichi ya maiki, ikazimika. King'amuzi kikipoteza mawimbi huchukua muda mfupi kuyapata tena, na sekunde hizo, kwa maelezo ya Wanjohi, zilikuwa ndefu kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kuyasikia. Kisha ukuta wa mabati ukaleta sauti ya watu wengi.

"Imerudi!"

Selpha aliwasha maiki.

"Imeenda! Ah! Nani huyu sasa!"

Aliizima. Walisubiri.

"Imerudi! Wako kilomita thelathini! Namuona! Namuona na kofia nyeupe!"

Kutoka mabenchi ya nyuma, mzee mmoja aliuliza kwa sauti ambayo hakukusudia iwe kubwa, "Yuko namba ngapi?"

Watu walicheka. Hata wahudumu wa mlangoni walicheka, na mmoja wao alikuwa tayari ametoka nje nusu mwili ili asikie vizuri. Mchungaji Kituyi alisimama, akanyoosha mkono.

"Sista Selpha. Lete maiki."

"Nakupa, Pasta." Alizungumza bila kipaza sauti sasa, na kanisa lote lilimsikia. "Ukiiwasha, yule msichana atapotea hapo ukutani, na watu wote hapa watajua ni nani amempoteza. Itakuwa si Roho tena. Utakuwa ni wewe."

Alimkabidhi. Mchungaji aliitazama maiki iliyokuwa mkononi mwake. Kisha aliiweka juu ya mimbari bila kuiwasha, akafungua Biblia, akahubiri kwa koo lake kwa dakika arobaini. Wanaomjua wanasema alihubiri vizuri. Mdogo wa Jepchirchir alimaliza wa sita, na habari hiyo ilipita juu ya ukuta katikati ya sala iliyofuata mahubiri.

Ilionekana kwamba jambo limekwisha. Asubuhi ya Jumatatu Mama Waiyego alimwita tena Selpha uani. Alikuwa amewarudisha watu wa kebo kwa simu.

"Antena zako zikae," alisema. "Lakini kiwanja cha kanisa pia ni changu, na Pasta ni mpangaji wangu kama hawa wengine. Umemwaibisha. Nenda umwambie pole, tuishi vizuri."

"Pole ya nini, Mama?"

"Ya kumwaibisha."

"Nilizima swichi. Aibu ilikuwa tayari imekaa hapo kutoka Machi."

"Mama Joy, wewe una kichwa ngumu. Pole ni neno moja. Hailiwi, haivaliwi."

"Kama ni ndogo hivyo, na yeye aniambie mimi."

Mama Waiyego aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Alisema ploti ni yake na paa ni lake, na mtu asiyejua kusema pole hawezi kuwa na vitu juu ya paa la mwingine. Selpha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alikwenda kibandani kwake, akarudi na ngazi begani na spana mfukoni, akaiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha kwanza.

"Unafanya nini?"

"Nateremsha. Ulisema niteremshe, nateremsha. Neno lile siwezi kulisema, Mama, kwa sababu halina kweli ndani yake. Lakini skrubu naweza kufungua."

Alipanda. Milango ilianza kufunguliwa. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshika kutu, na mlio wake ulisikika uani kote. Jepchirchir alitoka na mtungi wa maziwa mkononi, akatazama juu, akamtazama Mama Waiyego.

"Mama, akitoa yangu, mimi nahama na yeye," alisema.

"Nyinyi mmekunywa nini leo?"

"Kuna ploti kule karibu na soko, vyumba viko," alisema mwanamume wa chumba cha saba, ambaye hajulikani kwa kusema.

Antena ya kwanza ilikuwa imeshatoka kwenye mlingoti. Selpha aliishika kwa mkono mmoja, akaanza kutafuta ngazi kwa mguu ili ashuke nayo. Mama Waiyego alitazama milango kumi na nane, mingi ikiwa na mtu.

"Rudisha hiyo kitu," alisema.

"Bila pole?"

"Rudisha, Mama Joy, kabla sijakasirika. Na ukishuka usiniongeleshe leo."

Aliirudisha. Alichukua muda wake, akaielekeza kwa jicho, akamwomba Jepchirchir asome namba za ubora kutoka ndani, akarekebisha kidogo kushoto, akakaza. Aliposhuka hakumwongelesha Mama Waiyego, kama alivyoagizwa.

Kanisa halikusahau upesi hivyo. Jumatano alipokea barua ya kamati, ikisema amesimamishwa katika umoja wa akina mama kwa miezi mitatu kwa kuvuruga ibada, na kwamba katika muda huo hataketi mbele wala kuvaa sare. Maiki zisizo na waya hazikutajwa katika barua hiyo. Zilikuwa zimerudi ndani ya sanduku lao, na mchungaji alikuwa amewatangazia waumini kwamba kanisa litatumia ya waya kwa sababu ya upendo kwa majirani.

Jumapili iliyofuata Selpha alifika mapema, akiwa amevaa sare, akaketi benchi la kwanza. Mchungaji alikuwa akipitapita mbele akivuta waya wa mita ishirini ambao Wanjohi alikuwa akiuachia kidogo kidogo kutoka nyuma, kama mtu anayempeleka ng'ombe kisimani. Upande wa pili wa ukuta televisheni ilikuwa ikisoma habari. Mhudumu mmoja, mwanamke waliyeimba pamoja kwa miaka mingi, alikuja akainama karibu na sikio lake.

"Mama Joy, tafadhali. Benchi hii ni ya walio katika ushirika. Nenda kidogo huko nyuma."

Selpha alifungua kitabu cha nyimbo, akatafuta ukurasa.

"Nimeshakaa," alisema. "Wimbo ni namba ngapi?"